Mzee ninayemhudumia alipakua mapipa ya Agent Orange Vietnam: uzi kuhusu sumu iliyogoma kuisha

Mzaramo wa Theluji (mwanzisha uzi)

Wakuu, habari za huko. Huku ni saa nane usiku, niko zamu, mzee kalala na mimi naogopa kusinzia. Nimeona bora niandike jambo ambalo limenikaa kichwani tangu mwezi wa nne.

Kazi yangu huku Marekani ni ile mnayoiita kwa kejeli "kuogesha wazee". Sawa, ndiyo hiyo hiyo, na inanilisha. Nina mzee mmoja namhudumia nyumbani kwake siku nne kwa wiki. Anaelekea miaka 80. Ana Parkinson, ule ugonjwa wa neva unaotetemesha mikono, ana kisukari, na zamani kidogo alitibiwa kansa ya tezi dume. Asubuhi namtengea vidonge 11 kwenye kile kiboksi chenye siku za wiki. Kijiko cha uji akikishika mwenyewe, nusu inaishia kwenye taulo, kwa hiyo kijiko nashika mimi na yeye anashika kifundo cha mkono wangu. Tunakula hivyo.

Siku moja nampangia karatasi zake nikaona kila ugonjwa pembeni pameandikwa kwamba umetokana na utumishi wa jeshi. Nikamuuliza, mzee, Parkinson na jeshi wapi na wapi? Akajibu maneno mawili tu: Agent Orange. Kisha akachora mezani kwa kidole kinachotetemeka, umbo la pipa, na mstari mmoja katikati.

Tangu siku hiyo nasoma. Naweka nilichoelewa, wenye fani watanirekebisha.

Kuanzia Januari 1962 hadi mwanzoni mwa 1971, jeshi la anga la Marekani liliendesha operesheni iliyoitwa Ranch Hand. Ndege za mizigo aina ya C-123 zilifungwa matangi na mabomba ya kunyunyizia, zikawa zinapita chini chini juu ya misitu, mikoko na mashamba ya Vietnam Kusini zikimwaga dawa ya kuua mimea. Majani yapukutike, mpiganaji wa Viet Cong, wale wakomunisti wa msituni waliopigana na Marekani, akose pa kujificha. Hilo ndilo lililotangazwa. Lingine halisemwi sana: kuua mpunga na mihogo ili akose na cha kula. Zilimwagwa zaidi ya lita milioni 70. Marubani walikuwa na utani wao. Marekani kuna tangazo la dubu anayewaambia watoto kuwa ni wewe tu unayeweza kuzuia moto wa msituni. Wao wakatoa neno "moto", ikawa ni wewe tu unayeweza kuzuia misitu.

Dawa zilipewa majina ya rangi, kama hiyo Orange, yaani chungwa, lakini hazikuwa rangi za dawa zenyewe. Pipa la lita 208 lilizungushiwa mstari: chungwa, nyeupe, bluu, zambarau, waridi, kijani. La bluu lilikuwa na arseniki na ndilo walilopeleka sana kwenye mpunga. La chungwa lilikuwa dawa mbili za magugu, 2,4-D na 2,4,5-T, nusu kwa nusu, na ndilo lililotumika kuliko yote.

Sasa hapa wengi huchanganya. Balaa kubwa haikuwa kile kilichokusudiwa kuwekwa kwenye pipa. Wakati wa kutengeneza 2,4,5-T, joto likipanda kupita kiasi inajitengeneza yenyewe sumu nyingine, dioksini, na ile kali kuliko ndugu zake zote inaitwa TCDD. Mpika kashata ananielewa: sukari ni ile ile, moto ukizidi inakuwa kitu kingine. Kiwango chake kilitofautiana kiwanda na kiwanda, kutegemea nani alikuwa na subira jikoni. Zilikuwa sehemu chache tu kwa milioni. Ukisikia hivyo unaona si kitu.

Mzee wangu alikuwa na miaka 20, kazi yake kupakua mapipa kambi ya Bien Hoa. Hakupewa glavu. Anasema mapipa yakiisha waliyapasua katikati kwa urefu wakachomea nyama, mengine wakayapandisha juu ya mbao wakajaza maji ya kuoga. Waliambiwa haina madhara kwa binadamu, ni ya magugu.

Naendelea nikishamgeuza mzee, asije akapata vidonda vya mgongoni.

Nyakato Kwa Juu

Nipo siti ya mbele, mkuu. Shusha vitu.

Kinyozi Msomi

Mleta uzi unaandika vizuri ila ngoja nikuulize. Mzee wa miaka 80 kuwa na kisukari na tezi dume ni habari? Babu yangu yuko Kilosa, Vietnam hajaiona hata kwenye ramani, na vyote anavyo. Mnapenda sana kumtafutia kila ugonjwa mchawi.

Mzaramo wa Theluji

Kinyozi, swali lako ni la haki na ndilo lililowachelewesha hao wazee wa Vietnam kulipwa miaka mingi.

Jibu lina sehemu mbili, tusizichanganye. Kuna kinachojulikana kisayansi, na kuna kilichoamuliwa na sheria. Mwaka 1991 Bunge la Marekani lilipitisha sheria kwamba taasisi ya kitaifa ya sayansi ipitie tafiti zote kila baada ya muda na kupanga magonjwa kwa uzito wa ushahidi. Kwenye kundi la ushahidi wa kutosha wameweka kansa kadhaa za damu na mitoki, sarkoma za tishu laini (kansa za misuli, mafuta na kadhalika), chunusi za klorini, na mwaka 2018 wakaongeza shinikizo la damu. Kisukari cha ukubwani, tezi dume na Parkinson viko daraja la chini yake: kuna dalili za uhusiano, lakini ushahidi haujajaa kibaba.

Kwa hiyo kwa babu yako wa Kilosa, ni umri. Kwa mzee wangu, hakuna daktari duniani anayeweza kukata kipande cha ugonjwa wake akakuambia hiki ni cha umri na hiki cha pipa. Sheria ikasema basi, kwa kuwa hatuwezi kutenganisha, aliyekanyaga Vietnam kati ya Januari 1962 na Mei 1975 akapata moja ya magonjwa haya, tunachukulia imetokana na huko. Hatakiwi kuthibitisha alishika pipa. Kukanyaga tu kunatosha. Kisukari kiliingia mwaka 2001, Parkinson 2010, shinikizo la damu 2022. Wengi walikuwa wameshazikwa.

dada_wa_wodi7

Niongezee kitaalamu kidogo, mimi nesi.

Dioksini haiyeyuki kwenye maji, inayeyuka kwenye mafuta. Ikiingia mwilini haitoki kwa mkojo kama sumu nyingine. Inajibanza kwenye mafuta ya mwili, na kupungua nusu tu kunachukua kati ya miaka 7 na 11. Chukua huyo mzee, alikuwa na miaka 20 mwaka 1968. Kwa hesabu ya miaka 10 kwa kila nusu, mwaka 2008 bado alikuwa na sehemu moja ya kumi na sita ya aliyotoka nayo.

Na inavyofanya kazi: ndani ya seli zetu kuna protini inayokaa mlangoni kupokea kemikali ngeni. Ikipokea, inakwenda kuamsha jeni fulani ili mgeni avunjwevunjwe atolewe. Ni kazi nzuri. Tatizo TCDD havunjiki. Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Huyu jembe hashiki na haondoki, na kengele inalia mwaka mzima. Jeni za homoni, kinga, ukuaji wa seli, zote zinavurugwa. Ndiyo maana orodha ya magonjwa inaonekana kama ya kubahatisha, ngozi hapa, damu pale, sukari kule. Mwaka 1997 shirika la utafiti wa saratani la Umoja wa Mataifa liliiweka TCDD kundi la kwanza, yaani inasababisha kansa kwa binadamu bila ubishi.

Mkumbuke yule mwanasiasa wa Ukraine, Yushchenko, uso wake mwaka 2004. Zile ndizo chunusi za klorini. Aliwekewa TCDD.

mama_kijacho

Dada wa wodi, na watoto je? Nimewahi kuona picha za watoto wa Vietnam, sikulala.

dada_wa_wodi7

Hapo pagumu, mama.

Kwa panya ilithibitika mapema: utafiti uliotolewa 1969 ulionyesha 2,4,5-T inaharibu vijusi, na mwaka uliofuata Marekani ikasimamisha matumizi ya Agent Orange. Kwa binadamu, mama anaweza kumpitishia mtoto kwa kondo la nyuma na kwa maziwa, maana maziwa yana mafuta. Lakini ngapi ya ulemavu wa kule ni dioksini na ngapi ni njaa, malaria, ukosefu wa asidi ya foliki wakati wa vita? Wanasayansi bado wanavutana. Mgongo wazi kwa watoto wa maveterani, yaani askari waliopigana kule, uliwekwa kwenye "dalili za uhusiano" mwaka 1996, na miaka takribani 20 baadaye jopo lile lile likaushusha tena. Fidia yake haikuondolewa.

Ila kuna kitu kimoja kilinishangaza chuoni. Seveso, Italia, mwaka 1976 kiwanda kilipasuka na wingu la TCDD likashukia mji. Wanaume waliopata sumu ile wakiwa bado vijana wadogo walikuja kuzaa mabinti wengi kuliko wavulana. Maana yake inagusa hadi upande wa baba.

Mwana wa Pate

Salaam kutoka pwani ya Kenya. Watu husahau kwamba si Wamarekani walioanza. Waingereza walinyunyiza dawa za aina hii Malaya mwanzoni mwa miaka ya 1950 walipokuwa wakipigana na wakomunisti msituni. Na kabla hujasema Malaya ni mbali: miaka hiyo hiyo walifanya majaribio ya kupukutisha majani kwa ndege huku kwetu, Tanganyika, mahali paitwapo Kikore, na Kenya pia. Sababu iliyotajwa ilikuwa mbung'o, kwamba vichaka vikifa na mbung'o hana kivuli. Waliokuwa wakitafuta namna ya kupigana msituni nao waliyafuatilia majaribio hayo kwa makini.

Kinyozi Msomi

Eti Kikore! Haya, sasa umenikamata. Endeleeni.

Mzaramo wa Theluji

Nimerudi. Mwana wa Pate ahsante, hiyo ya Kikore sikuijua.

Kuna kisa nataka kukiweka hapa. Admirali Elmo Zumwalt alikuwa mkuu wa majeshi ya maji ya Marekani Vietnam kuanzia 1968. Boti zake ndogo zilikuwa zikipita kwenye mito ya delta ya Mekong, mikoko imebanana pande zote mbili, na vijana wanapigwa risasi na mtu wasiyemwona. Akaagiza kingo za mito zipulizwe. Vifo vikapungua. Mmoja wa makamanda wa boti hizo alikuwa mwanawe, jina lake lile lile, Elmo. Mwaka 1983 kijana akapatikana na kansa ya mitoki, miaka miwili baadaye ikaja ya aina nyingine, na mwaka 1988 akafariki akiwa na miaka 42. Mjukuu alizaliwa na matatizo makubwa ya kujifunza. Admirali aliamini amri yake ndiyo iliyomuua mwanawe, na bado alisema angeitoa tena, kwa sababu iliokoa vijana wengi siku ile. Kisha akatumia miaka yake ya mwisho kuisukuma serikali iwalipe wagonjwa.

Mzee wangu akitajiwa jina hilo hasemi kitu. Anaangalia dirishani.

Sasa nije kwenye kilichonifanya nianzishe uzi. Mzee wangu anapata hela kila mwezi, anapata dawa, anapata mimi. Sina wivu, anastahili. Lakini nikajiuliza, je, yule aliyekuwa chini ya ndege?

Mwaka 1984 makampuni yaliyotengeneza dawa, Dow na Monsanto yakiwamo, yalikubaliana na maveterani nje ya mahakama kwa dola milioni 180, bila kukiri kosa. Wavietnam nao wakafungua kesi New York. Mwaka 2005 ikatupwa, na jaji alikuwa yule yule aliyesimamia ile ya maveterani, Jack Weinstein. Rufaa ikagonga mwamba 2008, na mwaka uliofuata Mahakama ya Juu kabisa ya Marekani ikakataa hata kuisikiliza. Bibi mmoja Mfaransa mwenye asili ya Vietnam, Tran To Nga, aliyekuwa mwandishi wa habari msituni na akamwagiwa mwaka 1966, mwanawe wa kwanza akafa na miezi 17 kwa moyo mbovu, aliyashtaki makampuni hayo kwenye mahakama ya Ufaransa mwaka 2014. Akashindwa 2021, akashindwa tena kwenye rufaa Paris 2024. Makampuni yalisema yalikuwa yanatekeleza agizo la serikali iliyo vitani.

Kwa hiyo aliyepakua pipa anaambiwa "tunakuamini, ulifika tu inatosha". Aliyemwagiwa pipa anaambiwa "lete ushahidi". Shirika la Msalaba Mwekundu la Vietnam linasema walioathirika ni hadi milioni 3. Serikali ya Marekani inaikataa hesabu hiyo. Sawa, tubishane hesabu. Lakini mbona kwa mzee wangu hawakubishana tena?

Kinyozi Msomi

Hapo sina la kusema, mkuu. Nimeweka wembe chini.

Nyakato Kwa Juu

Je ardhi yenyewe? Miaka 50 si mvua imeshaosha yote?

Mzaramo wa Theluji

Mvua haiioshi, dada, kama alivyosema nesi haikubaliani na maji. Juani kwenye majani inavunjika upesi. Ikiingia kwenye udongo na matope ya bwawa inakaa kizazi na kizazi. Kwa hiyo sehemu kubwa ya misitu iliyopulizwa leo haina hatari sana. Hatari iko kwenye viwanja vya ndege walikojazia na kumwaga mabaki: Da Nang, Bien Hoa, Phu Cat. Da Nang, pale walipochanganyia, udongo ulipimwa ukakutwa mara 365 ya kiwango kinachoruhusiwa. Pembeni kuna bwawa na watu walikuwa wanavua samaki humo miaka mingi baada ya vita.

Usafishaji wake ni kama tanuri la matofali. Kuanzia 2012 walichimba udongo na matope, wakavirundika ndani ya boksi la zege kubwa kama uwanja wa mpira, wakachomeka vyuma vya kupasha joto na kuoka kwa miezi hadi nyuzi 335. Mita za ujazo 90,000. Wakamaliza 2018. Bien Hoa ni kubwa mara kadhaa ya hapo, kazi bado.

Na kuna bonde la A Luoi, milimani karibu na mpaka wa Laos. Palikuwa na kambi ndogo ya makomando, A So. Baada ya vita watu walihamia, mashimo ya mabomu yakajaa maji, wakafuga samaki na bata humo. Watafiti kutoka Kanada na Vietnam walipofika miaka ya 1990 wakafuata dioksini hatua kwa hatua: udongoni, kwenye mafuta ya samaki, kwenye mafuta ya bata, kwenye damu, kwenye maziwa ya kina mama. Wakati huo fedha za kusafisha hazikuwepo. Bwana misitu mmoja wa Kivietnam, Phung Tuu Boi, akapanda uzio wa miti ya miiba kuzunguka kambi ya zamani ili watoto na ng'ombe wasiingie. Michongoma kabisa, wakuu. Na akachagua mti ambao maganda yake yanauzwa kwa kuoshea nywele, ili wanakijiji wawe na sababu ya kuutunza.

Mkulima wa Basotu

Wakuu mimi nalima ngano. Nimesoma hapo juu 2,4-D na nimekwenda stoo kusoma kopo langu. Ni hiyo hiyo! Nimekuwa nikipuliza msimu wa sita huu. Nimekwisha?

dada_wa_wodi7

Tulia, hujaisha. Iliyokuwa inazaa TCDD ni ile mwenzake, 2,4,5-T, na hiyo ilishapigwa marufuku nchi nyingi. 2,4-D bado inauzwa duniani kote kihalali. Hiyo haimaanishi ni juisi. Wataalamu wa saratani wameiweka kwenye kundi la "huenda". Vaa glavu na buti, usipulize kukiwa na upepo, nguo za kazi zisifuliwe na nepi za mtoto, na hakikisha kopo lina namba ya usajili wa viuatilifu. Ambalo halina lebo usilinunue hata kama ni nusu bei.

Na mnaosema Roundup ni Agent Orange, siyo. Kampuni ilikuwa moja, dawa ni tofauti.

Mwenye kuhofia dioksini kijijini kwetu aangalie zaidi moto wa taka. Plastiki ikichomwa na moshi mweusi ule wa jioni, inatengeneza dioksini pale pale uani, kuku wanadonoa majivu, na mafuta ya yai unayajua yanakwenda wapi.

Mkulima wa Basotu

Nashukuru sana dada yangu. Makopo matupu mke wangu anawekea mafuta ya taa, mengine maji ya kuku. Kumbe sisi na wale wa mapipa ya kuogea ni ndugu. Nimeshayatoa, nimeyatoboa kwa msumari yasirudi ndani.

mama_kijacho

Mzaramo, nina swali la mwisho ulale. Mzee amewahi kurudi kule?

Mzaramo wa Theluji

Hakuwahi. Walipanga na mkewe, mke akatangulia.

Ila juzi baada ya uji aliniuliza kama miti imerudi. Nikatafuta picha za A Luoi kwenye simu nikamwekea karibu na uso. Akatazama muda mrefu. Akasema, naona kijani. Nikamwambia kijani hiyo nyingi ni akasia za kupandwa, za kuuza mbao. Na kuna vilima havikurudisha msitu kabisa, viliota majani makali marefu tu, ng'ombe hawayataki, kila kiangazi yanawaka moto. Wenyeji wanayaita nyasi za Kimarekani.

Alicheka mpaka akapaliwa. Nikamsimamisha, nikampiga piga mgongoni, akaomba maji.